Pacha Wangu wa Kambini

Bwenini,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana.

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wapwa zangu. Natumaini mgongo wako umepata nafuu na yule mteja wa sare za kwaya ameacha kukusumbua. Mama naye hajambo? Goti lake bado linamtabiria mvua? Mimi mwili mzima, nakula, na usingizi napata kiasi. Hilo ndilo jema nililo nalo, nimeliweka mbele ulipate mapema.

Najua umenipigia simu mpaka umechoka. Nimeusoma ujumbe wako kwamba nikiendelea kutopokea utakuja kunivuta sikio mbele ya maprofesa. Simu sijaibiwa, wala masomo hayajanibana, kwani hata hayajaanza. Nitakueleza sababu, lakini niache nianze mwanzo. Nikirukia mwisho utaitupa barua hii kwenye kapu la vitambaa.

Kumbe kabla ya masomo, wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza huwekwa kambini wiki nzima kwenye uwanja ulio nyuma ya chuo, ili wajuane na wajue njia. Tulipewa fulana za rangi ya machungwa, zote saizi moja, nami nikaonekana kama nimevaa pazia. Ungeiona ungenivua papo hapo ukaipunguze mabega. Kiongozi wetu tulimwita Filimbi, kwa sababu filimbi yake haitoki mdomoni, na nadhani hulala nayo. Akipuliza tunakimbia, akipuliza tena tunakaa. Na utaratibu wa kambi ni kwamba kila mtu hupewa pacha. Majina yanachanganywa kwenye ndoo, na unayeokotwa naye ndiye pacha wako mpaka mwisho wa kambi: mnakula pamoja, mnatembezwa maktaba na maabara pamoja, na mmoja akichelewa mnaadhibiwa wote wawili.

Pacha wangu ni msichana anayesomea uuguzi. Dada, huyo ana mdomo! Kabla hatujafika kwenye benchi nilishajua ugonjwa wa paka wao, tabia za shangazi zake wote, na kwa nini hali bamia. Nilimpenda hapo hapo. Lifute hilo tabasamu, si kwa namna unayofikiria. Nilimpenda kwa sababu mtu anayesema sana hana haja ya kujibiwa. Asubuhi nzima nilitikisa kichwa tu, na yeye aliona tunazungumza vizuri.

Sasa ile sentensi yetu ya kujitambulisha, tuliyoitunga kukikwepa kigugumizi changu. Tuliianza na habari zenu kwa kuwa H hunipita kama hewa, na M hunifunga midomo. Uliikata na kuiunga kama nguo, ukaondoa kila neno la kunikwamisha, nami nikaisema wewe ukikanyaga cherehani. Kelele za cherehani zikinifunika nilikuwa sikwami neno hata moja. Shemeji akasema aliyeniroga ameshindwa. Niliondoka nyumbani nikiamini mambo yamekwisha, na wewe ukiniita mwalimu wa hesabu mbele ya majirani.

Alasiri ya siku ya kwanza tulikaa duara, watu wapatao mia, na mpira ukawa unarushwa. Anayeudaka anasimama kujitambulisha. Filimbi akatangaza kwamba kila mmoja lazima aanze kwa maneno yale yale, mimi ni mwanakambi mpya, halafu jina lake na anachosomea, na wote tuitikie kwa makofi. Mimi ni mwanakambi mpya! M juu ya M, utadhani mtu alikaa na adui yangu wakapanga. Nilikaa pale nikimwomba Mungu ule mpira upasuke. Ukaja ukaniangukia mapajani.

Nilisimama. Midomo ikajifunga. Unaijua ile sura yangu, sina haja ya kukueleza: macho yananitoka, shingo inakaza, mguu unapiga chini. Watu wakasubiri. Msichana mmoja mbele yangu akaanza lile tabasamu la kabla ya kicheko, ambalo nimeliona darasani maisha yangu yote. Nikajishika koo. Hapo pacha wangu akaruka, akawaambia watu waache kunikodolea macho, kwani hawaoni kuwa mwenzao ni bubu? Akasema yeye alijua tangu asubuhi, maana hajanisikia nikisema hata neno moja. Kwa mdomo ule, ningepata nafasi wapi? Filimbi akaja mpaka mbele yangu, akaniuliza kama ni kweli, kwa sauti kubwa kana kwamba nilikuwa ng'ambo ya uwanja. Nikatikisa kichwa kukubali.

Ndivyo ilivyokuwa. Sikupanga. Mwenye kigugumizi huchekwa, bubu huhurumiwa, nami nilikuwa nimechoka kuchekwa. Kile kicheko kilichokuwa njiani kikarudi kilikotoka. Mtu mmoja akawaambia wenzake kwamba watu kama mimi hawapigiwi makofi, hupungiwa mikono juu, na mikono yote ikainuka ikapungwa hewani. Nikakaa chini nimejaa raha ambayo sijawahi kuipata mbele za watu. Naionea aibu raha ile, lakini siwezi kukudanganya kwamba haikuwepo.

Kesho yake nilitaka kusahihisha. Lakini kusahihisha kulitaka niseme, tena niseme maneno mengi kuliko yale yaliyonishinda. Nikajiambia kesho, na kesho ikaja na kesho yake. Huku wema ukazidi. Nilitolewa kwenye foleni ya chakula nikapelekwa mbele. Mpishi alinijazia sahani mpaka nikaona haya. Mtunza maktaba aliniandikia kila kitu kwa herufi kubwa za watoto wa chekechea, ingawa masikio yangu hayana kasoro. Pacha wangu naye akaanza kujifunza lugha ya alama kwenye simu yake na kunifundisha: maji, chakula, njaa, rafiki. Akikosea anacheka, anaanza upya. Na mdomo nao haukupumzika, kwa hiyo kila neno nililipata mara mbili.

Kisha wakaniletea kijana wa mwaka wa pili ambaye hasikii wala hasemi. Alikuwa peke yake chuo kizima, na alipopata habari kwamba nimefika alikuja mbio na shati lake la heshima. Mikono yake ilikwenda kasi, mengi yalinipita. Moja nililielewa: aliniuliza tangu lini. Nikamchorea kwa mikono mtoto mchanga aliyepakatwa, yaani tangu kuzaliwa. Alinikumbatia, dada. Alinikumbatia kama ndugu aliyepotea, na mimi nikabaki nimesimama nikitamani ardhi inimeze.

Wakati huo simu yako ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Ningeipokeaje? Chumbani tuko sita, na nje kila ninapokwenda pacha wangu yuko nami. Bubu hawezi kujificha nyuma ya choo azungumze na dada yake. Na ningekujibu kwa ujumbe ungepiga tena papo hapo.

Lingine utalisikia vibaya, lakini heri ulisikie kwangu. Mkuu wa kitivo cha ualimu, mama mmoja mpole, aliniita ofisini na Filimbi akiwepo. Aliniuliza, tena kwa huruma kabisa, nitawafundishaje watoto hesabu bila sauti. Akasema kuna masomo ya utunzaji wa nyaraka, kazi ya utulivu, nitakaa na makabati yangu bila kusumbuliwa na mtu. Akanipa karatasi nijibu. Nikaandika sawa. Miaka yote ile uliyokaa nami mezani ukinisikiliza nikifundisha viti na mito, nikaifuta kwa neno hilo moja, kwa kalamu ya kuazima, nikatoka nje na Filimbi akinipigapiga begani.

Ungedhani imetosha. Mimi pia nilidhani imetosha.

Siku ya kufunga kambi kulikuwa na mchezo wa mapacha. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, mwenzake anabaki nyuma ya mstari akimwongoza kwa sauti mpaka afike kwenye bendera. Filimbi alisema sisi wawili tutasamehewa. Pacha wangu akakataa katakata. Alisema pacha wake hatakaa pembeni kama mzigo, na akabuni njia: nipige kofi moja akate kushoto, mawili akate kulia, na mfululizo bila kuacha maana yake asimame. Tulifanya mazoezi tukaona inakubali. Upande wa kulia wa uwanja mafundi bomba walikuwa wamechimba mtaro, umezungushiwa utepe tu, na Filimbi alituonya tusiusogelee.

Tulianza vizuri kuliko wengine wote. Walikuwa wanapigiana makelele, wanagongana, na yeye alikwenda taratibu akicheka, kofi moja kushoto, mawili kulia. Watu waliona. Wakaacha kuwatazama wengine, wakatutazama sisi, na ikawagusa mioyo. Wakasahau mambo ya kupunga mikono. Wakaanza kutupigia makofi kwa mdundo, mawili mawili.

Makofi ya watu mia, dada. Yangu yakazama humo. Yeye akawa anasikia mawili, mawili, mawili, akakata kulia, akaendelea kukata kulia. Nilipiga mfululizo mpaka viganja vikawaka moto, na wao wakaona nashangilia, wakazidisha. Nilivuka mstari nikakimbia, lakini alikuwa mbali, na utepe ulikuwa tayari unamgusa miguuni.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, na sijamwambia mtu mwingine. Neno lilikuja. Simama. Lilikuja zima, halikukwama popote, limefika hadi kwenye meno, na nilijua kwa yakini kwamba nikifungua mdomo litatoka kama la mtu yeyote. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na neno lililo tayari namna ile. Nikaziona nyuso zote. Nikamwona yule kijana wa mwaka wa pili kwenye benchi la mbele, na shati lake lile lile. Nikafikiria watakavyonitazama wakinisikia. Nikalimeza. Nikaendelea kupiga makofi, dada, nilipiga makofi mpaka alipotumbukia.

Mkono wake wa kulia umevunjika sehemu mbili. Daktari wa zahanati ya chuo amesema vidole viwili huenda visirudi sawasawa, na hajui kama ataweza kufanya kazi za uuguzi. Nilikaa naye wakati anawekwa plasta. Alilia kidogo, kisha akaniomba msamaha. Aliniomba msamaha mimi! Alisema kosa ni lake, aling'ang'ania kuniingiza kwenye mchezo unaotaka sauti, na sasa mimi nitajilaumu kwa kitu ambacho Mungu hakunipa. Halafu akaniwekea alama ya rafiki kwa mkono wa kushoto, akaikosea, akacheka.

Jioni ile niliingia bafuni, nikafungua mabomba yote ili maji yapige kelele, nikataka kulisema lile neno japo kwa ukuta. Unajua nikiwa peke yangu sijawahi kuwa na shida. Nilisema na mbuzi, nilisema na mito, niliimba kisimani. Nikafungua mdomo, ikatoka pumzi. Nikajaribu jina lako. Nikajaribu la Mama. Hiki si kigugumizi, kile nakijua tangu utoto, unasukuma nacho kinakusukuma. Sasa nasukuma na hakuna kitu upande wa pili. Kila siku narudi bafuni, na kila siku ni pumzi tu. Wenzangu wa chumbani wanadhani tumbo linanisumbua.

Jumamosi ni siku ya wazazi. Kadi ya mwaliko imeshawafikia, na najua Mama ameshapiga pasi gauni lake. Nilitaka kuandika kwamba msije, lakini Mama atakuja hata kwa miguu, goti na yote. Pacha wangu ameomba akae karibu naye amtafsirie mikono yangu. Anafanya mazoezi kwa mkono wa kushoto, na amekataa nimsaidie hata kumshikia kikombe. Yeye na watu wote watamsifu Mama kwa kunilea hivi nilivyo, na Mama hataelewa wanasifu nini.

Basi mwambie njiani, dada, wewe ndiye unayejua kumwambia mambo. Mwambie koo limeniuma, daktari amenikataza kusema. Mwambie chochote kitakachomtosha kwa siku moja. Usimwache aniulize mbele za watu nimepatwa na nini. Ninyi nyote mlikuwa mkinimalizia maneno, hata wewe, na nilishukuru. Mama peke yake hakunimalizia neno hata mara moja. Aliweka mikono mapajani akaningoja mpaka nifike. Akiniuliza ataweka mikono hivyo hivyo angoje, na safari hii atangoja bure.

Msalimie shemeji. Wapwa zangu waambie mjomba anawapenda na fulana ya machungwa nitawaletea waifanye hema. Usinijibu kwa simu.

Ni mimi mdogo wako, uliyezoea kumsemea.