Fundi wa Kiatu cha Kushoto

Chumba cha juu, nyuma ya stesheni ya treni
Jumapili ya pili ya Machi, mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke

Mpendwa mdogo wangu Sindano,

Shikamoo yako niliipokea, nami nakuitikia marahaba, ingawa imetumia wiki kadhaa njiani na wewe mwenyewe sasa ni bibi wa kuamkiwa. U hali gani? Vidole vinaamkaje? Uliandika kwamba siku za baridi havikunjiki mpaka uvichovye kwenye maji ya moto. Usivionee haya, vimefanya kazi. Wajukuu hawajambo? Na mumeo mpole, bado anasinzia na redio kifuani?

Mimi ni mzima kiasi. Goti langu moja husikika kabla sijafika, na macho yanataka taa mbili kwa kitabu kimoja. Tangu wifi yako atutoke, nyumba hii imekuwa nadhifu mno. Hakuna wa kuivuruga.

Kama nimechelewa kujibu, haukuwa uvivu. Umeniomba jambo kubwa. Sasa kwa kuwa binamu yetu amechoka na duka la baba na kwenda zake, unataka nirudi nikae mbele nipokee wateja, wewe uendelee kushona nyuma ya pazia, na juu ya mlango liandikwe jina langu, maana watu watamfuata fundi aliyetoka nje. Unasema mwenye nyumba anataka jibu kabla ya mvua, la sivyo chumba anampa muuza simu.

Nivumilie kidogo kabla sijakujibu. Sisi wazee hatufiki mahali bila kuzunguka.

Unaukumbuka utaratibu wa baba. Nimefanya kazi na mafundi wa kila aina, sijakutana na aliyewahi kusikia kitu kama kile. Kila jozi ilishonwa na watu wawili: wewe cha kulia, mimi cha kushoto, tumepeana migongo ili tusiigane. Jioni aliviweka vyote kwenye kaunta, akafumba jicho moja, akavitazama. Akiweza kutambua kipi cha nani, kile kibaya kilifumuliwa. Karibu kila mara kilikuwa changu.

"Huyu mkubwa anashona kama anayelipa faini," alikuwa akiwaambia wateja. "Huyu mdogo anashona kama anayekula karanga."

Alisema kweli. Mimi nilikuwa na bidii. Nilipima, nikapima tena, nikabaki kwenye kigoda duka limeshafungwa. Wewe ulipitisha kidole gumba juu ya mguu wa mtu, ukamwambia panapouma kabla hajafungua mdomo. Uliimba, ukasahau chakula, ukawatania watu wazima. "Mzee, kidole hiki kinataka chumba chake peke yake!" Naye mzee akacheka, akaagiza jozi nyingine. Mimi nilikuwa naangalia saa, nikikiwaza kitabu nilichokificha chini ya mabaki ya ngozi.

Halafu bahati ikaja, ikachagua siku uliyompeleka mama kliniki. Yule mgeni wa karakana ya huku, aliyekuja kutafuta fundi, aliinua jozi iliyokuwa kwenye kaunta, akaigeuza, akaikunja soli, akaridhika. Nilimwambia mbele ya baba kwamba cha kulia ni kazi ya mdogo wangu, angoje arudi.

"Viatu nanunua viwili viwili, kijana," alisema akicheka. "Fundi nachukua mmoja."

"Basi mchukue aliyeko kliniki."

"Aliyeko hapa ndiye ninayemwona. Unakuja au huji?"

Uliporudi, baba hakujua aanzie wapi. Wewe uliweka mfuko wa dawa mezani, ukasikiliza mpaka mwisho, ukaniambia, "Nenda bwana. Ukibaki hapa, baba atakufumua mpaka uishe." Tulicheka sote. Kicheko kile mpaka leo sijui ulikitoa wapi.

Kuna kichekesho sikuwahi kukuandikia. Siku yangu ya kwanza huku nilipewa ngozi, nikaambiwa nishone jozi nzima peke yangu. Ndipo nilipotambua kwamba kiatu cha kulia sijawahi kukishona maishani. Mkono ulikataa kupinda upande ule. Msimamizi, mama mmoja wa maneno machache, aliviinua viatu vyangu juu watu wote wavione. "Jamani, tumeletewa fundi wa mguu mmoja!" Karakana nzima ikaangua kicheko, nikaitwa Kushoto, na nilistaafu nikiitwa Kushoto. Barua yako ya kwanza nayo ikafika ukilalamika kwamba viatu vya kushoto vya duka vinabana watu. Baba alikuwa na ufundi mmoja tu, akatukatia nusu nusu.

Nilijifunza. Bidii inafundisha, sitaibeza. Miaka yangu mingi niliwashonea watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, nikawaongezea soli tabaka kwa tabaka mpaka wasimame wima. Tarishi mmoja alizipanda ngazi zangu zote bila mkongojo, ili tu nimwone. Nilifurahi, karibu nilie. Lakini niliyemfurahia ni tarishi. Kiatu chenyewe nilikuwa nimekichoka kabla gundi haijakauka, na gundi ilipokuwa ikikauka nilisoma. Rafu nzima za maktaba ya mtaa huu nimezimaliza kwa kungoja gundi.

Niliposifiwa nilidhani napenda. Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba mtu anaweza kuifanya kazi vizuri maisha yake yote, akashukuriwa, akapewa saa ya ukutani siku ya kustaafu, na asiwe ameionja hata mara moja. Wewe uliionja kila siku, nyuma ya pazia, bila mtu kukuona. Nafasi ile hatukunyang'anyana, najua. Inaniuma tu kwamba ilimwendea mtu asiyeitamani, na aliyeitamani alikuwa kwenye foleni ya kliniki.

Nilikusudia kurudi mapema. Kwanza mkataba ulinifunga, halafu vurugu za huko zikafunga barabara, hata baba alipofariki nikamlilia kwenye simu, halafu yakaja mazoea, ambayo hayana mlinzi wala lango lakini hayapitiki.

Sasa nikujibu. Nikija nikae mbele, wateja watanipa mimi miguu yao, nami nitachungulia pazia nikuulize kwa kunong'ona panapouma. Utashona wewe, nitashukuriwa mimi. Binamu alikaa pale kwa sababu ni mwanamume na anajua kufunga tai. Mimi nami nisikae pale eti kwa sababu tu nilipanda ndege. Ling'oe hilo pazia, mdogo wangu. Ling'oe kesho. Mwambie mwenye nyumba ndiyo, na mchora vibao aandike jina lako, kubwa, lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Mtu akiingia akauliza fundi yuko wapi, mwambie akae avue kiatu.

Sikufichi, nilitamani kuja. Juzi nilishusha sanduku kutoka juu ya kabati, nikalifuta vumbi, nikaanza kupanga mashati. Nilipofika kwenye aproni ya kazi nikasimama nayo mkononi. Hakuna kiatu ninachotaka kukishona huko. Nataka tu kukaa karibu nikusikie ukiimba, na kwa ajili ya hilo siwezi kukuchukulia kiti chako.

Nisalimie mumeo, asinzie salama. Msalimie binti yako na wanawe, na umwambie asikae nyuma ya pazia lolote. Shangazi yetu wa kule sokoni, kama bado anashika majina, mtajie langu. Ukipita makaburini, wasalimie baba na mama, uwaambie duka lina mwenyewe.

Mungu akulainishie vidole kila asubuhi, na akuletee wateja wenye miguu migumu na ndimi laini.

Mimi sitarudi.

Nakupenda kutoka huku niliko,
Kaka yako