Bia Uliyotuma Imepata Kazi

Baba Divine,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, maana kwa jina lako peke yake kalamu inakataa. Mkono unaoandika ni ule ule uliouvunja. Umeunga, ila umepinda kidogo.

Naiacha barua hii wazi, bila bahasha. Atakayekuletea ni baba yako mdogo, na maneno yangu yakipita mdomoni mwake hufika yametiwa sukari. Basi aisome, na wote waliokaa sebuleni kwangu Jumapili waisome.

Unakumbuka siku darubini ilipofika mtaani kwetu Kagugu? Yule mwalimu mgeni aliyekuwa anarudi kwao alikuachia kama shukrani: bomba jeupe, miguu mitatu, na katikati ule mtambo wa chuma wenye mota, unaoigeuza darubini polepole ifuate nyota. Ulitengenezwa kwa nchi za kaskazini, husimama umeinua kichwa. Kwetu hapa karibu na ikweta, ulinieleza, ni lazima ulazwe karibu usawa wa ardhi, na boliti ya mbele ilikuwa inauzuia. Mtu mwingine angeikata. Wewe ulichukua nyundo.

"Utalala tu!" Pa! "Nimesema utalala!" Pa!

Mama Kevin wa upande wa pili wa ukuta alikuja mbio na mwiko wa ugali mkononi, akidhani unanipiga mimi. Alipoona ni chuma, alijishika kiuno. "Yewe, Baba Divine! Chuma unakipiga hivi, mke je?" Tukacheka wote mpaka machozi.

Jioni ile ulinionyesha sayari yenye pete. "Tazama, Mama Divine. Hata huko juu watu wameoa." Mkono wako ulikuwa begani kwangu, mwepesi kama kitambaa. Nilimsifu Mungu kwa sauti, ukanicheka. Nakumbuka hilo pia, sitaki kukudhulumu.

Lakini tangu siku ile kila kishindo kilichotoka kwetu, majirani walijua ni darubini. Na wewe ulijua kwamba wanajua.

Siku ulipoanza kunipiga, nilikuwa nimechelewa kurudi kutoka sokoni Kimironko, mteja amechelewa kuja kujaribu gauni la harusi nililomshonea. Ulinirusha kwenye mlango wa bati. Nikiwa chini, damu mdomoni, nilimsikia Mama Kevin akicheka ukutani: "Leo nyota zimepigwa kweli!" Asubuhi yake aliniuliza, "Mzee kaimaliza darubini?" Nikavuta kitenge usoni, nikamjibu bado. Na kweli ulikuwa hujamaliza. Miezi ikapita hivyo, pa, pa, na watu wa mtaa wakicheka.

Kisha ile Jumapili, tumetoka misa. Mota ilikuwa inalia kama mbuzi anayechinjwa, kwa sababu ulikuwa umekaza parafujo ndefu dhidi ya gurudumu la shaba mpaka meno yanaliwa. Divine akasema kwa adabu, "Papa, legeza kidogo, inajila yenyewe." Ukaichomoa ile nondo ya kusawazishia darubini, yenye uzito wa chuma mwishoni, ukamgeukia mtoto. Niliingiza mkono katikati. Niliusikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Ukanipiga tena, mbavuni, na kule ukutani mtu akacheka: "Darubini hiyo imeshindikana!"

Ndipo Divine akapanda juu ya jaba la maji, akapiga kelele kuliko mota: "Si darubini! Ni mama! Ni mama anapigwa!"

Kicheko kilikatika kama uzi. Mama Kevin alikuja na mwiko ule ule, na safari hii aliutumia. Ulipita getini ukishika sikio, ukashika njia ya Kinyinya.

Plasta ilipotolewa mkononi, niliuweka mtambo mezani nikashika nyundo. Nilitaka uwe unga. Divine akanitazama: "Mama, huo haukukupiga." Basi tukaufungua. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi, na ndani yake unga wa shaba unameta. Tuliosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Beringi zilikuwa zimeng'ang'ania, nikazigonga zitoke, na Mungu anisamehe, kila pigo nililitajia jina lako. Boliti uliyoipiga tuliikata kwa msumeno, fundi wa kuchomelea akatutengenezea kabari, mtambo ukalala wenyewe kama mtoto aliyeshiba. Gia zilizokuwa zikisagana tulizitoa, tukafunga mikanda yenye meno na mota mbili ambazo Divine alizitoa kwenye printa mbovu. Ile parafujo tuliikaza mpaka ikagusa, kisha tukairudisha, upenyo wa karatasi tu.

Ulikosekana ule uzito. Nilikuwa nimeutumbukiza chooni mwenyewe.

Ndipo Jumapili hii wakaja watu wako na kreti ya bia. Desturi naijua. Mke akipigwa akakimbilia kwao, tunaita kwahukana, mume hutuma bia, na ikinywewa amerudishwa. Lakini Baba Divine, mimi sikwenda popote. Aliyekimbia ni wewe.

"Umva, sikiliza mwanangu," baba yako mdogo akaanza, "wazee walisema niko zubakwa. Ndivyo nyumba zinavyojengwa."

"Kwa nondo?" Mama Kevin akamuuliza.

Kaka yangu mwenyewe alikuwa ameshashika kifunguo cha chupa. Nilimpokonya chupa kabla hajaifungua. Nikachukua na nyingine mbili, zimejaa, nikazifunga kwa kitenge, nikazining'iniza mwishoni mwa ile nondo. Darubini ikayumba, ikatulia. Ikasawazika mbele ya macho yao.

"Sasa tumwambie nini?" baba yako mdogo akauliza, akiitazama kreti.

"Mwambieni bia imepata kazi."

Padri ananihimiza nisamehe. Niko njiani, na nitafika, maana kuna asubuhi bado nakumbuka ule mkono mwepesi begani. Lakini geti halimo katika msamaha huo.

Jana giza lilipoingia, Divine aliwasha mtambo. Nilidhani haujawaka. Niliinamisha sikio nikasikia mnong'ono tu, kama mtu anayesali rozari. Majirani walipanga mstari kuitazama pete, na Mama Kevin alitazama akilia.

Kwa hiyo usije. Darubini yako haina kelele tena. Kishindo kikisikika kwangu sasa, Kagugu nzima inajua ni mtu.

Mungu akushike mikono, yote miwili.

Mimi, mama wa binti yako.