Mjukuu Aliyeitwa Mume

"Mtu mzima anayetazama picha na kurudia maneno ya Kiingereza hajifunzi lugha, anajigeuza kasuku." Ndivyo alivyoniandikia juzi Mwalimu Kasimiri, mstaafu na msomaji wa safu hii, akitaka niwaambie kina mama waache kupoteza jioni zao. Nilikuwa tayari kumjibu, ikaja barua hii kutoka Kitete, hapahapa Tabora. Isomeni kwanza.

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na shikamoo kama umenizidi umri. Mimi nadarizi mashuka hapa Kitete, mwanangu Uwesu yuko Uingereza, ameoa huko na wana mtoto mmoja, Majidi, wa miaka mitano, ambaye hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, basi nikaona nisipojifunza mimi Kiingereza nitakufa sijazungumza na damu yangu, nikaenda kwa jirani yangu Mwalimu Recheli, anayetufundisha wanawake barazani kwake, anatundika picha za kalenda kuukuu, unasimama unasema unachokiona, mwanamke anapepeta karanga, mbuzi anakula mkeka, kisha anafungulia sauti kwenye simu na sisi sote tunaifuata mpaka ulimi ulainike, na mume wangu Mzee Mussa akinisikia nyumbani ananiita, "We Mzungu wa Kitete, chai haijaiva huko Ulaya?" nami namwacha acheke, naendelea.

Ijumaa moja Uwesu akapiga simu ya video, mtoto yupo pembeni yake, nikasema leo ndiyo leo, nikaitoa ukutani picha ya Majidi, nikaishika mbele ya simu na kusema kwa Kiingereza bila kukwama, "Huyu ni mume wangu. Ana meno mazuri. Akija hapa harudi tena kwao, atakaa na mimi," kama bibi yangu alivyokuwa akiwatania kaka zangu, na mama yangu akimtania Uwesu mpaka anajificha uvunguni, na kumbe mshauri mtoto ameogopa, akamkimbilia mama yake analia, nikamsikia akiuliza, na nilielewa kila neno, hilo ndilo lililoniuma, "Bibi atanichukua?" Uwesu akashika simu akasema, "Mama, hayo mambo ya huko acha. Wewe msalimie tu, inatosha." Tangu siku hiyo Majidi haji kwenye simu, mwezi ujao wanakuja, na Mzee Mussa ananiambia, safari hii kwa upole, "Mwanne, bora ukae kimya umtazame tu." Barazani siendi tena. Je, ninyamaze?

Mwanne, Kitete.

MAJIBU

Mama Mwanne, shikamoo ni yako, usinirudishie tena.

Nilipoisoma barua yako nilicheka, halafu nikafika pale mtoto alipouliza swali lake, nikaacha kucheka. Unadhani Kiingereza chako kimekuangusha. Kimekuangusha wapi? Mtoto aliogopa kwa sababu alikuelewa! Naye alipouliza, ulimwelewa. Mwalimu Kasimiri asogee hapa anijibu: nani alimfundisha mama huyu maneno yale? Hayakuwa kwenye kalenda wala kwenye simu. Aliyaunganisha mwenyewe, kwa vipande alivyovirudia barazani, akatia na mapenzi yake. Kasuku gani anayemtania mjukuu? Na mji huu unaojivunia Kiswahili chake, Mwalimu unadhani wapagazi wa misafara ya zamani waliopita hapa walikalishwa kwenye madawati? Mmoja alionyesha kitu akakitaja, mwenzake akarudia, mzigo ukiwa begani. Wakifika kambini wanataniana kwa lugha hiyohiyo.

Sasa nikugombeze wewe, mama. Utani ni wa watu wawili. Ulimrushia mtoto mzaha ambao hakuna aliyemfundisha kuudaka. Hapa kwetu mtoto wa miaka mitano ana jibu tayari: "Sikutaki, umezeeka, huna meno!" na bibi anajifanya analia, mambo yanaisha kwa kicheko. Majidi hakupewa jibu hilo. Aliachwa peke yake na mwanamke wa kwenye kioo cha simu anayesema hatamrudisha kwao. Hata mimi ningelia. Na mkweo alipomkumbatia mwanawe alifanya ambalo ungelifanya wewe, usimwekee kinyongo.

Lakini aliyekosa zaidi ni Uwesu. Alilelewa ndani ya utani huo, lugha zote mbili anazo mdomoni, sentensi moja yake ingemtuliza mtoto na kukuheshimu wewe. Akachagua kukufunga mdomo. Na Mzee Mussa, mwambie nimeusikia upole wake, ila bibi wa kukaa kimya na kutazama hana tofauti na picha ukutani.

Rudi barazani leo. Beba picha ya Uwesu akiwa mdogo pamoja na bibi yake, kama unayo, na kama huna, beba yoyote ya utoto wake. Recheli akunyooshee maneno haya kwa Kiingereza: "Nilikutania. Wewe ni wa baba na mama yako, utarudi kwenu." Hilo litangulie. Kisha: "Huyu ni baba yako. Bibi yake alimwita 'mume wangu'. Baba yako akajificha uvunguni." Mtoto akimwona baba yake uvunguni, yeye atatoka. Asipotaka kuja kwenye simu, mtumie sauti yako, aisikilize akitaka. Na akishacheka, geuza darasa: mfundishe kwa Kiswahili, polepole, "Sikutaki, umezeeka." Wewe useme, yeye arudie. Kwa nini kurudia kuwe kazi yako peke yako?

Nanyi kina Uwesu, mlioko ng'ambo na mlioko Dar es Salaam, mnaolea watoto wasioweza kumwamkia bibi, nanyi nina neno. Mama yako amejitwisha lugha nzima uzeeni ili amfikie mwanao, na wewe unamwambia asalimie tu! Leo hii mkalishe mtoto, mweleze bibi ni nani kwake na utani ni nini. Kisha piga simu Tabora, mpe aishike mwenyewe, na usimpokonye mpaka umsikie akimwambia bibi yake kwamba amezeeka.