Gari yenye Hailie

Jado, uko wapi? Jibu.

Ile gari yangu ya courant, ya umeme tu bila mafuta, ya occasion, yenye nilinunua huku Liège, Ubelgiji. Leo familia yote ya muchumba wangu Umulisa ilikusanyika kule Kitshanga kuiona kwa video. Papa Sebahire alikatala mutoto yake akuje kuolewa na kupanda gari yenye haijaombewa. Akaita na pasta.

Pasta akaomba. Akasema: "Amina. Washa." Nikawasha.

Kimya.

Jado, ile gari hailie! Njo vile iko! Nikasema imewaka. Pasta akaomba tena, na nguvu. Kimya.

Papa Sebahire akaniangalia: "Gisubizo, usidanganye mbele ya Mungu. Sisi, ng'ombe yenye hailie tunaiitia daktari."

Mama yake Umulisa akaanza kulia.

Ningefanya nini? Nikageuza simu iangalie usukani. Nikafanya na mdomo: vruuuum.

"Alleluia!" Wote. Mama akapiga magoti. Pasta anataka Jumapili nitoe ushuhuda kanisani kwa video, na gari pia isikike.

Sasa hivi Umulisa ameniandikia: "Nilikuona mu kioo ya gari. Jumapili unguruma muzuri, leo ulitoa sauti ya pikipiki."