Upande wa Mashariki wa Kiwanja

Maun, Botswana
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada Zuhura,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yangu kabla hujakaa kitako kusoma, maana najua barua zangu unamsomea kitandani kwake, na yeye hapendi kuambiwa jambo lolote kabla hajasalimiwa. Macho yake yanaendeleaje? Na kile kikohozi? Uliniambia sasa anakula vijiko viwili tu vya uji, halafu anageukia ukutani. Tangu uniambie hivyo, nikishika kijiko namkumbuka. Wewe mwenyewe mgongo vipi? Bado unashona mpaka shingo inakataa kugeuka?

Sisi hatujambo. Mke wangu Rehema alikuwa na malaria, sasa amepona ila bado mnyonge. Salma ametimiza miaka kumi na moja. Amerefuka, na ana magoti yako yale yanayogonga kila meza.

Usishangae kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Wiki hii nimekupigia mara tatu, nimeandika kwenye shajara: Jumatatu, Jumatano, Alhamisi. Mara zote tatu niliishia kukuuliza kama mvua imenyesha huko Ipuli. Barua hii anakuletea Mtanzania mwenzetu anayekuja likizo Tabora. Nakuomba jambo moja. Zamani ulipokuwa ukimsomea Baba barua, ulikuwa unaruka habari mbaya ili asiumie. Hii usiruke hata mstari mmoja.

Nianze na Jumamosi ya wiki iliyopita. Mwenye karakana yetu ya ndege huruhusu watoto wa mafundi waje Jumamosi, mradi kila mtoto awe na kazi yake. Mmoja anafagia, mwingine anafuta vioo vya ndege. Salma nilimpa ubao wa zana. Kila spana na kila bisibisi imechorewa umbo lake ubaoni, na kabla ndege haijatoka yeye hupita akihesabu kwa kidole, kisha anatangaza kwa sauti, "Zana zimetimia!" Mafundi wanamtania, wanamwita Mkaguzi Mkuu, naye anajibu, "Mkaguzi hataki kelele, hesabu inapotea."

Siku hiyo alitangaza zimetimia. Ndege ndogo ya abiria watano ikawashwa, ikaanza kusogea. Mara nikamwona Salma anatoka mbio. Alisimama mbele kabisa, mbali na propela kama nilivyomfundisha, akapishanisha mikono juu ya kichwa, ishara ya zima injini. Rubani akazima. Abiria mmoja akafungua dirisha akauliza, "Kwani huyu mtoto ndiye bosi hapa?" Rubani akamjibu, "Leo ndiye."

Salma akasema mbele ya watu wote, "Sikuhesabu. Nilikuwa naongea na wenzangu, nikasema tu zimetimia. Bisibisi fupi haipo." Tukafungua kifuniko cha injini. Bisibisi ilikuwa imelala pembeni ya waya za kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, mahali ambapo ingeweza kuzikwamisha angani. Fundi aliyeisahau ni mimi, Dada.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Nikamuuliza, "Hukuogopa?"

"Niliogopa sana."

"Mbona hukunyamaza?"

"Sikutaka kuwa kama shangazi Zuhura."

Nilisimama pale pale barabarani. Akaniambia, "Babu alinisimulia kwenye simu. Alisema shangazi alipenda ndege kuwashinda nyote, lakini siku moja alisema amepita kiwanjani na hakupita, ndege ikaangukia pua. Wewe, alisema, hujawahi kumdanganya hata mara moja." Kisha akaniuliza, "Ni kweli, Baba? Hata mara moja?"

Nikasema, "Ni kweli."

Dada, siku ile wewe unaijua. Baba ndiye asiyeijua, kwa hiyo kuanzia hapa naongea naye. Soma polepole.

Baba, sikiliza. Unakumbuka kule Puge, ulipokuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege, jinsi ulivyotulea na ndege ya daktari ya kila Jumatano. Alfajiri ulitupa ndoo na jembe, mimi na Dada, mmoja aende nusu ya mashariki, mwingine ya magharibi, kuokota mawe na kufukia mashimo. Tukirudi ulituuliza mmoja mmoja, "Umepita?" Tulijibu, "Nimepita kwa miguu yangu." Ulisema, "Na macho?" Tulijibu, "Na macho." Mpaka usikie sauti mbili ndipo ulipopandisha mfuko wa upepo kwenye mlingoti, na rubani akiuona anajua kiwanja ni salama. Watu walikucheka kwa kuwaachia watoto kazi kubwa hivyo. Ulisema mtoto akijua kwamba neno lake linashusha ndege, atajifunza kulipima.

Zamu za upande tulipanga wenyewe, wewe hukuziingilia. Jumatano ile mashariki ilikuwa zamu yangu. Rubani alikuwa ameahidi kumkalisha mtoto mmoja kwenye kiti chake, nami nilitaka anikute nimeoga, nimevaa shati jeupe la shule. Dada alinicheka tangu asubuhi, "Unapiga mswaki kwa ajili ya rubani! Utafikiri unaposa." Nilifika kwenye kichuguu cha pembeni, robo ya njia, nikatazama mbele nikaona nyasi zimelala vizuri, nikarudi kuoga. Ukaniuliza, "Umepita?" Nikasema kwa miguu yangu. "Na macho?" Nikasema na macho.

Usiku ule mhanga, yule mnyama mla mchwa, alikuwa amechimba, mbele ya kichuguu, shimo la kuingia ndama. Ndege ilipotua, gurudumu la mbele lilizama humo. Rubani alipasuka paji la uso. Mama mjamzito aliyekuwa akisubiri kupelekwa Tabora alipakiwa kwenye pikapu ya pamba, barabara ikiwa tope tupu. Yeye alifika. Mtoto hakufika.

Ulituita wote wawili. Hukupiga mtu wala hukupaza sauti. Uliuliza tu, "Nani alikuwa mashariki?" Nikasema, "Leo ilikuwa zamu ya Zuhura."

Ulimtazama yeye, na yeye akanitazama mimi. Alinisubiri, Baba. Alinipa muda mrefu wa kusema. Nilipotazama chini akainamisha kichwa naye, nawe ukadhani amekiri. Ukamwambia, "Kuanzia kesho wewe ni wa jikoni." Hakukanyaga tena kiwanjani.

Jioni Dada alifua shati langu lililorukiwa tope, akalikausha, akaniletea. Alisema maneno manne tu, "Shati lako hilo, vaa."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na shajara nilikwisha kuianza. Siku hiyo niliandika: Jumatano. Ndege imeangukia pua. Mashariki, Zuhura. Magharibi, mimi. Niliogopa kwamba utalisoma daftari. Madaftari yangu sasa yamejaa sanduku, na katika yote huo ndio mstari ninaoujua kuwa ni uongo. Ukurasa huo nimeuchana, upo ndani ya bahasha hii. Sijawahi kuchana mwingine.

Baba, nilipomaliza kidato cha nne, rubani yule alikuja kutafuta kijana wa kwenda kujifunza ufundi wa ndege. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Alikuuliza, "Yule binti anayetambua ndege kwa sauti ya injini yuko wapi?" Ukamjibu, "Huyo hapana. Mchukue mdogo wake, huyu neno lake ni neno." Kila mshahara niliokutumia umetoka kwenye neno lile. Na aliyekuwa akikuogesha na kukulisha miaka yote hii ni yule uliyemwambia hapana.

Sasa narudi kwako, Dada. Leo asubuhi nilimwambia Salma ukweli wote. Alichezea ukingo wa meza. Akauliza, "Shangazi anajua?"

"Anajua."

"Na Babu?"

"Hajui."

"Babu ni mgonjwa," akasema. Kisha akaingia chumbani, akachana karatasi kwenye daftari lake la hesabu, akaniwekea mezani pamoja na kalamu. Ndiyo maana unaona barua hii ina viboksi. Hajanisalimia tangu asubuhi, wala simlaumu.

Sikuombi unisamehe. Hilo nitakuja kuliomba nikiwa nimesimama mbele yako, nikipata ruhusa mwisho wa mwezi. Naomba Baba asikie kabla hajageukia ukuta moja kwa moja. Akitaka kukushika mkono, mwache aushike. Akikasirika, hasira ni yangu, uniwekee. Na akinyamaza, kaa naye hivyo hivyo.

Msalimie shemeji, mume wako, mwambie redio yake nimeipatia betri. Mama mdogo wa Kanyenye mpe salamu, naye amwambie yule mjomba fundi baiskeli kwamba bado natumia koleo aliyonipa. Mwanao Hadija mwambie Salma anataka kumwandikia, akimaliza kuninunia. Na Baba akikuuliza, kama alivyouliza siku ile, nani alikuwa mashariki, usiinamishe kichwa tena. Mpe jina lililo hapa chini.

Sikupita kwa miguu yangu, wala kwa macho.

Mdogo wako,
Idrisa