Nani Yuko Nawe Hapo?

Uingereza,
Jumapili, baada ya misa.

Baba mpendwa,

Shikamoo baba. Kamwene. Nakusalimu kwa lugha zote mbili, ya shule na ya nyumbani, ili usipate sababu ya kutonijibu. Je, kifua kinakuacha ulale? Baridi ya Njombe naijua, na najua unatoka nje alfajiri bila koti, kwa sababu aliyekuwa akikufokea hayupo tena. Mimi ni mzima wa mwili. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Kaka Benito ameniandikia kwamba ofisi ya simu ya Makambako imefungwa, swichibodi yako ya kuunganishia simu ikapakiwa kwenye lori pamoja na viti, nawe ukasimama barabarani mpaka lori lilipopotea kwenye njia ya Iringa. Kisha ukarudi nyumbani Njombe. Anasema tangu mlipomzika mama hujamwambia neno zaidi ya "pisha". Mimi nimekuandikia barua mbili na hata hilo "pisha" sijalipata.

Baba, unakumbuka tulipoishi Makambako, nilivyokuwa nakaa chini ya meza yako nikitoka shule? Siku moja ilikuja simu kutoka Tunduma, ya kumtafuta yule mke wa mfanyabiashara wa mbao. Mpigaji alikwisha kukwambia kwamba mumewe amefariki safarini. Nilikusikia ukimwita mama wa watu kwa upole:

"Mama, nani yuko nawe hapo?"

"Niko peke yangu, mzee. Niunganishie."

"Laini inakwaruza. Mwite jirani kwanza, akae karibu nawe."

Laini haikuwa inakwaruza hata kidogo. Ulimshikilia yule wa Tunduma mpaka jirani akafika, ndipo ukachomeka waya. Uliniambia msiba hautupwi sikioni mwa mtu aliye peke yake. Baadaye mji mzima ulikwisha kujua, mzee wa simu akikuuliza uko na nani, tafuta pa kukaa. Mama akakutania, "Unajidai unaficha msiba, kumbe swali lako ndilo msiba wenyewe!" Ulinuna siku nzima.

Halafu mimi nikajifanya mjuzi. Nilikuandikia kwa mbwembwe kwamba huku watu wanaongea kwa intaneti kwa bei ya maandazi, kwamba simu ya waya inakata roho, kwamba heri ustaafu mapema ukalime viazi Iwawa kwa shangazi. Ni mimi niliyemtumia kaka kompyuta ya kwanza. Akafungua duka ng'ambo ya barabara, dishi la intaneti likakodolea macho dirisha lako. Mama akawa anakuja kuongea nami Jumamosi, amevaa kama anakwenda kanisani, hedfoni juu ya kilemba. Sauti ilichelewa sana. Shikamoo yangu ilimfikia akiwa ameshauliza habari za kazi, na marahaba yake ikaniangukia katikati ya habari nyingine. Tulicheka sana. Nikiuliza baba yuko wapi alisema, "Yuko kazini." Ulikuwa hatua chache tu kutoka kwake, foleni yako ikipungua, nami sikuona aibu.

Sasa nikueleze siku ile, maana hakuna aliyekueleza upande wangu.

Alhamisi mchana huwa natoka kazini, hapa kwenye nyumba ya wazee, napita kwenye duka la kompyuta kusoma ujumbe. Alhamisi ile nikamkuta kaka yuko mtamboni ananisubiri. Nilidhani dishi limeharibika tena. Nikavaa hedfoni.

"Skola, mama ame..."

"Amefanya nini? Unakatika."

"Mama ame... riki."

"Rudia kaka, sisikii!"

"Mama amefariki, Skola! Mama amefariki!"

Nilimfanya kaka yangu aseme mara tatu, baba. Jirani yangu kwenye kiti cha pili alikuwa anacheka na mkewe, na mwenye duka akanipungia mkono nipunguze sauti. Ndipo nikajua kwamba ninapiga kelele. Nilitoka nikarudi kazini kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda.

Msimamizi wetu, mama mmoja mtu mzima, alinikuta mlangoni. Akasema, "Kuna mzee amepiga simu kutoka Afrika. Aliuliza nani yuko na Skolastika. Nikamjibu umetoka, umekwenda mjini peke yako. Kisha akasema, tafadhali, mtume mtu akakae naye. Halafu laini ikakatika. Sikumwelewa."

Mimi nilikuelewa. Nilikaa chini palepale sakafuni.

Kaka ameungama katika barua yake. Ulimwambia asubiri, unatafuta laini kupitia Dar, na kwanza upate mtu wa kukaa nami. Yeye akaona waya utachelewa, na kompyuta iko wazi. Usimlaumu peke yake. Nani alimfundisha kwamba upesi ndiyo kila kitu? Haraka haraka haina baraka, tuliimba shuleni na hatukuisikia.

Huku wanasema miaka michache ijayo simu za waya zitabaki mapambo. Huenda ni kweli, sina tena hamu ya kubishana. Mimi huu ni mwezi wa pili sijalia mbele ya mtu. Wenzangu kazini walinipa kadi yenye maua, wakasaini wote, kesho yake wakarudi kwenye zamu zao. Nawalisha wazee supu, nawafunika blanketi, nasema nao kwa furaha. Nikifika chumbani naketi na koti langu mwilini mpaka napitiwa na usingizi. Nimechoka, baba, na sioni mwisho wake.

Nisalimie bibi mzaa mama kule Mawengi, mwambie kitenge cha mama akivae tu, asikifungie sandukuni. Msalimie shangazi wa Iwawa na viazi vyake, na mzee katekista aliyemsomea mama sala za mwisho. Kaka msalimie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Namba yako ya zamani nimeipiga mara nyingi. Haiiti tena. Imebaki njia moja tu, nayo unaichukia, na sikuombi uipende. Jumamosi yoyote ukishapata barua hii, saa kumi jioni ya huko, panda basi uende Makambako ukae dukani kwa kaka. Najua huenda usije. Kila Jumamosi nitakaa kwenye duka la huku na hedfoni masikioni hivyo hivyo. Lakini ukija, tuache salamu zitupite, zitagongana tu njiani. Niulize lile swali ulilowauliza watu wote wa mji ule, ukaniuliza na mimi nikiwa nimetoka.

Jibu langu ni hili, baba: sina mtu.

Mimi binti yako wa chini ya meza,
Skolastika