Naosha Sahani za Watu Mwanza

Mama, shikamoo. Baba naye mpelekee shikamoo yake pale kitandani.

Mawe unayoyaona kwenye picha ya kadi hii ni ya kweli. Yamepandana hivyo ziwani kama vyombo vya sherehe visivyooshwa.

Jana Mama Kulwa, mwenye nyumba wangu hapa Igogo, aliniuliza kazi yangu ya maabara ni ipi hasa. Nikajibu kwa maringo, "Naosha chembe sahani." Akanitazama kwa huruma, akanisogezea kichwa cha samaki, sato. "Kula, mwanangu. Na digrii zote hizo?"

Ikabidi nieleze. Chembe sahani zimo ndani ya damu, kazi yake kuziba jeraha. Tunaziosha zibaki zenyewe, kisha tunaziwekea dawa inayozila kama kutu inavyokula bati. Zina thioli, vitu vyenye salfa, ambavyo hukubali kuliwa kwanza ili chembe zisichanganyikiwe zikagandana bila jeraha lolote.

"Kumbe thioli ni mama wa nyumba," akasema. "Balaa likiingia, linaanza na yeye, wengine wanakula wali."

Miaka yote chuoni hakuna aliyenifundisha vizuri hivyo.

Ulizoea kunionya kwamba nisiposoma nitaishia kuosha sahani za watu. Nimesoma, mama, na naosha. Ila za aina hii ndizo zilizogandana kichwani mwa baba zikamlaza kitandani, kwa hiyo niombee nisivunje hata moja.

Mwanao mwosha vyombo,
Neema